Mgeni Alalaye na Mgeni Apitaye



Kuna rai moja iliyoenea sana siku hizi, nayo ni kwamba mgeni ni mgeni na fedha yake ni fedha, aje kwa saa moja au akae juma zima. Mwenye shamba, wasema, ashukuru tu kwamba gari limesimama mlangoni pake. Mimi siiafiki rai hiyo, na sababu zangu nimezitoa mbali sana, katika mji mdogo uitwao Cafayate, jimbo la Salta, kaskazini-magharibi ya nchi ya Argentina, ambako watu wanaishi kwa zabibu kama sisi tunavyoishi kwa karafuu. Nilikaa huko siku nne katika mwezi wa Machi, wakati wa mavuno yao, na niliyoyaona naona yanatuhusu zaidi kuliko khabari nyingi za masoko tunazoletewa.

Argentina nilikwenda kwa ajili ya binti yangu, ambaye mumewe ana kazi katika mji mkuu wa Buenos Aires. Mkwe wangu alitaka nione majumba marefu na barabara pana. Nikamwambia, baba, majumba nimeyaona, nipeleke kwa wakulima. Basi tukaruka kwa ndege hadi Salta, na kutoka hapo tukapanda basi la kawaida, na yeye ndiye aliyekuwa mfasiri wangu muda wote.

Najua kwamba neno mvinyo litawafanya baadhi ya wazee wetu waikunje karatasi hii na kuiweka chini. Nawaomba wasifanye haraka. Mji ule mtu aweza kuutembea mwanzo hadi mwisho asiguse tone, kama nilivyofanya mimi, na hakuna aliyenikunjia uso. Nikipelekwa mahali pa kuonja, nilipewa maji ya zabibu au kikombe cha chai, tukaendelea na mazungumzo. Sikwenda kutazama chupa. Nilikwenda kutazama namna mkulima wa zao la kuuza nje anavyompokea mtu aliyetoka nje kuja kuliona zao lake.

Cafayate umo katika mabonde ya Calchaquí, mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,680 juu ya bahari. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 hivi, na hiyo ni mvua ambayo kwetu mwezi wa Aprili peke yake huipita. Mchana jua ni kali kweli kweli, na usiku unataka blanketi. Wakulima wa huko wasema, na wataalamu wanawaunga mkono, kwamba jua hilo la mahali pa juu pamoja na baridi hiyo ya usiku ndivyo vinavyoifanya ngozi ya zabibu kuwa nene na harufu yake kudumu. Milima imeuzunguka mji pande zote, myekundu na mikavu, halafu chini yake ghafla unaona kijani cha mashamba kilichopangwa kwa mistari. Mji wenyewe una watu elfu kumi na kitu tu. Katikati pana uwanja mmoja wenye miti ya kivuli, kanisa limesimama upande mmoja, na maduka na mikahawa yamezunguka pande nyengine. Kutoka uwanjani hadi shamba la kwanza la zabibu ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mtu wa kwetu hataona ajabu hapo, kwa sababu ndivyo vilivyo Wete na Chake Chake: ukitoka kidogo tu nje ya mji umo chini ya mikarafuu.

Sasa nieleze namna wageni wanavyofika huko, kwa sababu hapo ndipo penye neno langu.

Kutoka Salta hadi Cafayate ni kiasi cha kilomita 190, kwa barabara inayopita katika bonde jembamba liitwalo Quebrada de las Conchas. Bonde hilo lina sifa kubwa, na sifa hiyo ni ya haki. Mawe yake ni mekundu, yamechongwa na upepo na maji ya kale hata yakawa kama nguzo na ngome na wanyama. Pahala pamoja pameitwa Garganta del Diablo, maana yake Koo la Shetani, na pengine ni shimo kubwa la mawe lililozunguka kama uwanja wa michezo, ambamo mtu akipiga gitaa sauti yake humjia kila aliyesimama humo kana kwamba imepigwa sikioni mwake.

Kampuni za utalii za Salta zimeitengeneza njia hii kuwa safari ya siku moja. Gari huondoka saa moja asubuhi. Husimama kwenye mawe, watu wakapiga picha. Huingia Cafayate karibu na saa sita au saa saba. Wageni hupelekwa katika kiwanda kimoja cha mvinyo, wakaoneshwa mapipa, wakaonja, wakanunua chupa mbili tatu. Halafu hupelekwa kula katika mkahawa ambao kiongozi wao amekwisha kupatana nao. Halafu huachiliwa uwanjani kwa muda mfupi, na saa tisa au saa kumi gari hulia honi. Jioni wamerudi Salta, na huko ndiko waliko na vitanda vyao na chakula chao cha usiku, na huko ndiko fedha yao nyingi inakobaki.

Na kuna jambo moja ambalo mtu wa safari ya siku moja hawezi kulijua, nalo ndilo lililonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Watu wa Cafayate, kama watu wengi wa upande ule wa Argentina, hulala mchana. Ikifika saa saba, maduka hufungwa. Mfumaji hufunga, mfinyanzi hufunga, hata baadhi ya viwanda vya mvinyo hufunga mpaka saa tisa au zaidi. Mji hufunguka tena saa kumi na moja jioni. Basi yule mgeni wa gari huachiliwa uwanjani katika saa zile zile ambazo mji mzima umelala! Niliwaona kwa macho yangu, wanawake kwa wanaume, wamekaa kwenye mabenchi chini ya miti, wanatazama milango iliyofungwa, na mmoja wao akamwambia mkwe wangu kwamba mji ni mzuri lakini hauna uhai. Hauna uhai! Angelikuwapo saa mbili usiku angeliona watoto wanakimbizana uwanjani, wazee wamekaa kwa zamu zao za maneno, wachuuzi wametandaza vyungu na vitambaa, na harufu ya empanada, ambazo ni ndugu wa sambusa zetu, inatoka kila pembe.

Wako wanaosema kwamba basi wenyeji na waache kulala mchana. Hilo ni shauri la mtu ambaye hajalima. Aliyeanza kuvuna kabla jua halijapanda, katika joto lile, anayo haki ya kulala adhuhuri, na si kazi ya mkulima kuyageuza maisha yake ili yalingane na ratiba ya gari la watu wengine. Ratiba ndiyo ibadilike.

Sisi tulilala katika nyumba ya wageni ya mama mmoja mjane, vyumba vitano kuuzunguka uwanja wa ndani wenye mzabibu uliotambaa juu ya chanja. Nikafanya hesabu ya fedha yetu katika siku nne zile, kwa sababu mtu aliyezoea kuuza kwa mizani haachi kupima. Kodi ya chumba ilikwenda kwa mama yule. Mkate alinunua kwa jirani. Jibini la mbuzi lilitoka kwa wafugaji walio nje kidogo ya mji. Baiskeli tulikodi kwa kijana mwenye banda la baiskeli. Mkwe wangu alinunua blanketi iliyofumwa kwa mkono, nami nikanunua asali ya zabibu, yaani maji ya zabibu yaliyochemshwa hata yakawa mazito, waitayo arrope. Tulikula kwa watu sita mbali mbali. Mji ule una hata mahali panapouzwa barafu tamu iliyotiwa mvinyo, jambo linalowavuta watu kwa ajabu yake tu. Nikahesabu mikono kumi na mbili iliyopokea fedha yetu, na yote ni mikono ya pale pale. Yule mgeni wa gari amegusa mikono miwili, na mmoja wa hiyo miwili yumkini si wa mji ule.

Siku ya pili tulikwenda mashambani, na hapo ningependa kukaa kidogo.

Zabibu yao kubwa ni nyeupe, jina lake Torrontés. Haikuletwa kutoka Ulaya kama zilivyoletwa nyengine. Wahispania walileta mizabibu ya aina mbili, mmoja wa Muscat na mwengine ule mweusi wa kale ambao huko wauita Criolla, na hiyo miwili ikapandana yenyewe katika ardhi ya Argentina, akazaliwa Torrontés. Uchunguzi wa nasaba ya mimea umelithibitisha hilo. Na mahali ambapo zabibu hii imepata sifa kubwa kuliko pengine popote ni katika bonde hili la Cafayate. Wenyeji huitaja kama mtu anavyomtaja mtoto aliyezaliwa nyumbani. Mkarafuu wetu asili yake ni Maluku, hilo twalijua. Lakini umekaa kwetu muda mrefu kiasi cha kuwa nasi tunayo haki ya kujigamba kidogo.

Desturi ya kale ya bonde lile ni kuupandisha mzabibu juu ya chanja kirefu kuliko kimo cha mtu, ukatandaa kama dari. Unapita chini yake kivulini, na mashada yananing'inia juu ya kichwa chako. Mvunaji husimama chini, huinua mikono, hukata kwa mkasi. Nilisimama nikawatazama kwa muda, na nakiri niliona wivu. Mchumaji wetu hupanda mti mrefu, tawi la mkarafuu likavunjika bila kumwambia, na kila msimu twazika au twauguza. Wale khofu yao ni jua na mgongo tu. Lakini katika malipo tumefanana: katika mashamba mengi ya Argentina mvunaji hulipwa kwa ndoo, ndoo ya kiasi cha kilo 20, na kila akimwaga ndoo hupewa kidude cha kuhesabia. Nikawakumbuka wachumaji wetu wanapopimiwa jioni, na macho yao yalivyokazana kwenye kipimo.

Maji ndiyo maisha yao. Yanatoka milimani, yanaletwa kwa mifereji, na kila shamba lina zamu yake. Mzee mmoja mwenye shamba dogo alituonesha mlango wa mfereji wake, kipande cha bati tu, akasema zamu yake ikiangukia usiku wa manane basi huamka usiku wa manane. Siku hizi mashamba makubwa yana visima virefu na mipira ya kudondosha maji mti mmoja mmoja, lakini mzee yule bado anafungua bati.

Na mzee huyu huyu ndiye aliyenifahamisha jambo ambalo nililiona kubwa kuliko yote. Taasisi ya serikali inayosimamia mvinyo nchini Argentina, iliyoundwa mwaka 1959, imeweka daraja ya watengenezaji wa nyumbani. Mtu mwenye zabibu zake kidogo akijiandikisha, aruhusiwa kutengeneza hadi lita 4,000 kwa mwaka na kuziuza kwa jina lake mwenyewe, baada ya kupimwa na wakaguzi. Juu yake iko daraja ya mafundi wadogo, hadi lita 12,000. Basi mkulima mdogo hana haja ya kuwa na kiwanda ili jina lake lionekane. Lakini, alisema mzee, chupa hizo haziendi mbali, duka la Buenos Aires halina khabari nazo. Mnunuzi wake ni mtu anayekuja kwa miguu au kwa baiskeli hadi kwenye mlango wake. Na ni nani huyo? Ni yule aliyelala mjini. Mgeni wa gari hafiki, kwa sababu gari halijui njia hiyo.

Hapa sitaki mtu anifahamu vibaya. Sizungumzii uuzaji wa karafuu kavu, ambao una sheria zake na mahali pake pa kujadiliwa. Nazungumzia mgeni, na mlango anaofikishwa.

Wala nisidhaniwe kwamba Cafayate ni pepo ya wakulima wadogo. Majumba makubwa yapo, na yana nguvu. El Esteco, lililoanza mwaka 1892 na ambalo ukuta wake ndio unaokukaribisha unapoingia kutoka Salta, leo ni sehemu ya kampuni kubwa ya Peñaflor, yenye mashamba na viwanda katika majimbo mengine pia. Na yako majumba yenye hoteli zao ndani ya mashamba yao, ambamo mgeni aweza kulala siku tatu, akala, akaogelea, akarudi kwao bila kukanyaga uwanja wa mji. Kwa hivyo kulala peke yake hakutoshi. Lazima pia mtu aulize analala kwa nani. Na bwawa la kuogelea katika bonde ambalo mzee huamka usiku wa manane kungojea maji ni jambo ambalo mimi, kama ningelikuwa mwanachama wa chama cha huko, ningelisimama mkutanoni nikaliuliza.

Lakini mji umefanya bidii ya kumfunga mgeni, na bidii hiyo ina akili. Mwaka 2011 ulifunguliwa Makumbusho ya Mzabibu na Mvinyo, ndani ya jengo la kiwanda cha kale, mitaa michache kutoka uwanjani. Sehemu yake ya kwanza ni ya mmea wenyewe: jua, udongo, maji, usiku, na mikono. Mvinyo unakuja baadaye. Mtu akiisha kupita humo hutoka na maswali, na mwenye maswali haondoki mapema. Kisha liko tamasha la muziki liitwalo Serenata a Cafayate, linalofanyika kila mwaka mwezi wa Februari tangu mwaka 1974. Waimbaji wa nchi nzima huja, na shughuli ni ya usiku, usiku kadhaa mfululizo, mpaka karibu na alfajiri. Sijui kama walioianzisha walikusudia hivyo, lakini shughuli ya usiku ndiyo kamba nzuri kuliko zote ya kumfungia mgeni. Hakuna gari la siku moja liwezalo kumrudisha mtu Salta saa tisa za usiku.

Kuna na khabari ya wenyeji wa asili, ambayo hairuhusiwi kupitwa kimya. Mabonde yale yalikuwa ya Wadiaguita kabla ya Wahispania, na walipigana na Wahispania zaidi ya miaka mia. Kiasi cha kilomita 50 na kitu kusini ya Cafayate, katika jimbo la Tucumán, yako magofu ya mji wa Waquilmes, nyumba za mawe zilizopanda ubavuni mwa mlima. Walishindwa katika miaka ya 1660, na walipokwisha kushindwa walihamishwa kwa miguu hadi karibu na Buenos Aires, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na wengi walifia njiani. Mji walikopelekwa unaitwa Quilmes hadi leo, na watu wengi wa Argentina wanalijua jina hilo kwa pombe ya bia tu. Kwa miaka mingi magofu hayo yalikuwa mikononi mwa mfanya biashara aliyejenga hoteli pale pale. Tangu mwaka 2008 wazao wa Waquilmes wenyewe wameshika mlango, na wao ndio wapokeao kiingilio na waongozao wageni. Vivyo hivyo karibu na Cafayate, ukitaka kupanda kwenda kwenye maporomoko ya Mto Colorado, waongozao ni vijana wa jamii ya Wadiaguita wa pale. Tulikwenda na mmoja. Alitembea kama mbuzi, mimi nikatembea kama nilivyo, na kila tulipopumzika alitueleza mmea mmoja na dawa yake. Nikamwuliza kama wageni wa gari humjia. Akasema wachache, kwa sababu njia ile huchukua nusu siku.

Sasa kuna jambo dogo la dukani. Jioni ya mwisho nilimsindikiza mama wa nyumba ya wageni kununua vyakula. Upande mmoja wa duka palikuwa na chupa. Nilimwomba mkwe wangu anisomee. Kila chupa ilikuwa na jina la mwenye shamba, jina la bonde, mwaka wa mavuno, na pengine hata kimo cha shamba juu ya bahari. Argentina ina sheria ya mwaka 1999 juu ya majina ya mahali katika mvinyo, na huwezi kujiandikia Cafayate kwa zabibu za kwengine. Upande wa pili wa duka palikuwa na viungo, na humo nikaiona karafuu! Kwa Kihispania huitwa clavo de olor, yaani msumari wa harufu. Zilikuwa katika vipakiti vidogo vya karatasi ya nailoni, chembe kumi na tano au ishirini. Nikakigeuza pande zote. Palikuwa na jina la mfungaji, na hapakuwa na neno moja kusema zimetoka wapi. Huenda zilikuwa za Bahia, Brazil, ambako pia wanalima; huenda za Madagaska; huenda za shamba la mmoja wenu msomao. Mama yule alizitia kwenye matunda ya kuchemsha, nyumba nzima ikanukia kwetu, nami nilipomwambia kwamba hiyo ndiyo kazi yangu alistaajabu, akasema hajapata kufikiri kwamba kitu kile kina mti.

Wageni wetu angalau wanajua kwamba kina mti, kwa sababu wanauona. Unguja wanaletwa kwa magari kutoka mjini na kutoka hoteli za pwani, Kizimbani na Kidichi na kwengineko. Wananusishwa majani, wanaoneshwa mdalasini na hiliki, kijana anapanda mnazi huku akiimba, wanavikwa kofia za makuti, na baada ya saa mbili wamekwenda zao. Ni safari ya Cafayate ile ile, ila ni fupi zaidi. Sisemi ifutwe, inawalisha watu. Lakini tazameni wanachokikosa. Hawaioni alfajiri ya uchumaji, wapandaji wanapoitana miti kwa miti. Na hawauoni usiku, ambao mimi nausifu kuliko yote: lundo la karafuu mbichi barazani, taa katikati, watu wa nyumba na majirani wamelizunguka, mikono inachambua, makonyo huku na karafuu huku, na hadithi zinapokezana mpaka watoto wamelala juu ya majamvi. Watu wa Cafayate imewabidi waandae tamasha ili mgeni awe na sababu ya kulala. Sisi sababu hiyo tunayo kila msimu, wala haitugharimu hata taarabu.

Nimekwisha kusikia majibu. Nyumba zetu ni za kawaida, mgeni atataka choo chake, watu watasema, mila zetu zitaharibika. Choo hujengwa. Ama mila, nyumba yenye mwenyewe ina masharti ya mwenyewe, na mgeni aliyelala uani kwa mtu huona haya kuliko yule aliyelala hotelini ambako hamjui aliyemtandikia kitanda. Mama yule wa Cafayate alikuwa na sharti zake zimebandikwa mlangoni, na mkwe wangu aliponisomea nilimwona ni mkali kuliko mimi.

Shauri langu kwa halmashauri ni kwamba jambo hili liingizwe katika mkutano mkuu kabla ya uchumaji kuanza. Ziandikwe nyumba za wanachama zilizo tayari kupokea, Unguja na Pemba, tatu au nne tu za kuanzia. Ziulizwe rukhsa kunakohusika. Ipatanwe bei moja ili tusije tukashushana sisi kwa sisi, na wenye magari waambiwe kwamba iko safari ya kulala, nao wapewe chao. Kwa upande wangu, vyumba viwili vya uani havina mtu tangu watoto wahamie mjini. Kimoja nimekwisha kukipaka chokaa, na fundi wa choo anakuja Jumamosi.